Mkalimani Aliyenyooshewa Kidole

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya kituo cha polisi, sitasema kipi hapa Tana, nikingoja kuripoti kitambulisho kilichochukuliwa na mafuriko. Mbele yangu alisimama mwanamke kiziwi, shavu limevimba. Kando yake alikuwa shemeji yake, aliyejileta kuwa mkalimani.

"Anasema nini?" afande akamuuliza shemeji.

Mwanamke alikunja ngumi, akaigusisha shavuni, kisha akamnyooshea kidole shemeji yuleyule.

"Anasema aliteleza akiteka maji mtoni."

Afande akaanza kuandika!

Nyuma yangu mama wa Kiorma, muuza maziwa, akaweka kibuyu chini. "Afande, hiyo uongo. Mimi na huyu kila asubuhi nabadilishana, maziwa na ndizi. Mkono yake mimi najua. Anasema huyu mwanamume ndiyo napiga yeye."

"Wewe ni jamaa yake?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Hapa tunasikiliza jamaa."

"Jamaa ndiyo huyo napiga!"

Akatolewa nje, kibuyu na yote. Kitabuni imebaki kwamba yule kiziwi aliteleza.

Kwa hiyo ukitaka kumpiga asiyesema, chagua wa nyumbani kwako, halafu umsindikize mwenyewe kuripoti.

Kidole kile hakikuhitaji mkalimani. Afande alikiona, foleni nzima ilikiona. Hata mimi nilikiona, kisha nikasogea mbele nikaeleza habari za kitambulisho changu, na nikasikilizwa neno kwa neno.