Koti la Reinhold

Wakati wa Kombe la Ulaya, bafu la zamani la wachimbaji makaa wa Gelsenkirchen liligeuzwa ukumbi wa mashabiki, na Egon Schibulski, mchimbaji mstaafu, akapewa kazi ya ulinzi. Zamani sisi wachimbaji tukibadilisha nguo humo, kila mtu alipandisha zake darini kwa mnyororo. Nguo za Reinhold, kaka yake Egon, hazikuteremshwa tangu mgodi ulipomfukia mwaka 1974. Kuziacha nguo za aliyefia mgodini zining’inie ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Alasiri ya mechi ya kwanza, shabiki mmoja kutoka Munich aliziteremsha, akavaa koti la marehemu na kujipiga picha.

“Vua,” Egon alisema.

“Tulia, mzee. Mji wenyewe umekufa, wewe unalilia tambara?”

“Vua kabla sijakuvua mimi, mshenzi wee! Mwenye koti hilo alikufa ili kwenu kuwe na moto!”

Jamaa alicheka, akalivua, akalitupa sakafuni. Egon aliliokota, akalikung’uta, akalipandisha tena. Kisha akamtupia msimamizi wa ukumbi, aliyekuwa amevutwa na kelele, beji yake ya ulinzi.

“Tafuteni mwingine wa kulinda ukumbi wenu. Mimi nakaa chini ya mnyororo huu mpaka mashindano yaishe, na atakayeugusa nitamvunja mkono.”