Dawa ya Moshi

Fundi wangu wa Segerea hanaga haraka. Kila nikimpelekea kigari changu nilichonunua kwa mtu, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anasugua tone kati ya vidole viwili, ananusa, halafu anatamka yale yale: "Gari ya zamani inataka oili nzito, sista. Na chupa moja ya dawa ya moshi." Hii mara ya nne. Wiki ya kwanza kinatulia, ya pili kinafukiza mtaa mpaka majirani wanaanua nguo. Jana nikamwambia dawa yake haifanyi kazi. Akajifuta vidole kwenye suruali, taratibu.

"Inafanya. Aliyekuuzia nilimwekea hiyo hiyo, asubuhi ile ulipokuja kuikagua gari. Ukaisifia injini, nakumbuka."