Nyar Tororo Alipoulizwa Kwao

Mke wangu Roseline tulimzika kwetu Ugunja, mvua zilipoanza. Lakini alizaliwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Nilimpata huko nikipakia mizigo ya reli, nikamleta mjini, mtaa wa Mbotela.

Wajaluo wenzangu walimwita Nyar Tororo, binti wa Tororo. Ndivyo tunavyomwita mke, kwa jina la alikotoka. Si matusi. Yeye hakulipenda.

"Nimezaa hapa, nimezeeka hapa," alikuwa akisema huku akigeuza samaki kwenye karai. "Mtaniita mgeni mpaka lini?"

Alikaanga samaki langoni mwa esteti miaka mingi. Maneno yalikuwa yake, mimi ni mtu wa kunyamaza. Samaki hao walimsomesha Whitney, kitindamimba wetu, aliyetaka udaktari wa meno tangu akiwa mdogo. Jirani yetu Shiro hakuchoka kumtania mama yake.

"Mama Whitney, huyu daktari wako ataanza na meno ya nani?"

"Ya mzee. Yamebaki manne, hatatoka jasho."

Nilicheka na hayo manne.

Whitney alipita mtihani vizuri, lakini kwenye vyuo vya serikali hapa kwetu kozi hiyo ilimpita. Akaomba chuo cha serikali cha Uganda. Huko wenyeji wana nafasi nyingi, wageni wana chache sana. Akaitwa kwa mahojiano, aje na mzazi. Miguu yangu ilikuwa mibaya. Akaenda Roseline, na rinda lake la kanisani.

Karani alimuuliza Whitney maswali yake, kisha akamgeukia mama.

"Na wewe mama, kwenu wapi?"

"Ugunja," Roseline akasema. "Kwa mume wangu."

Aliporudi alinisimulia hivyo, kidevu juu. Nilifurahi sana. Kwetu mwanamke akiolewa, kwao ni kwa mume. Angejibu nini kingine?

Whitney akawekwa na wageni. Akakosa.

Baadaye ndipo aliposikia kwa wenzake kwamba mtoto ambaye mama yake ni mzaliwa wa huko huhesabiwa mwenyeji. Alikuja mbio mpaka kwenye karai.

"Mathe! Si wewe ni wa Tororo?"

"Nani, mimi?"

"Si mtaa mzima unakuita hivyo!"

Roseline alishika mwiko tu. Samaki wakaungua. Sijawahi kumwona akiunguza samaki.

Whitney alipiga simu chuoni. Wakamwambia mwaka huu pamejaa. Mwaka ujao aombe tena, na mama aje mwenyewe na mtu wa kwao wa kumshuhudia.

"Nitaenda," Roseline akasema. "Nitawaambia mpaka jina la mto tulimokuwa tunaoga."

Hakufika huo mwaka. Presha ilimwangusha palepale langoni, karai likiwa bado moto. Whitney sasa anauza simu mtaani Kayole. Ndugu za mama yake huko Tororo tulikuwa tumeshapotezana nao. Mwenye kuwajua alikuwa Roseline peke yake.

Siku ile alipoanguka, hospitalini alikuwa bado anazungumza, kwa shida. Muuguzi alikuja kumwandikisha.

"Mama, kwenu wapi?"

Roseline alimtafuta Whitney kwa macho kwanza.

"Tororo," akasema. Kwa nguvu, hata mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. "Andika. Mimi ni Nyar Tororo."

Muuguzi alitaka tu kujua tunakaa mtaa gani. Nikamwambia Mbotela.