Kazi Ambayo Twaibah Hakuweza Kuieleza

Nianze na kosa langu, maana nikilificha mwingine atalisema kwa ubaya. Mwaka jana kaka yangu Magid alinipigia simu kutoka Jinja, akanituma nikamvunje moyo binti yake, na mimi nikakubali kabla hata chai yangu haijapoa.

Binti mwenyewe ni Twaibah. Baba yake ana mashine ya kusaga mahindi pale Nalufenya, hukohuko Jinja, na mimi naishi Mbale, mtaa wa Nkoma. Tangu aanze chuo huku alikuwa analala kwangu. Mimi ndiye shangazi yake, senga kama tunavyosema kwetu, na senga ana kazi yake: baba akiwa na neno zito kwa binti, hamwambii uso kwa uso, hulipitisha kwa senga. Binti akiwa na jibu, hulirudisha kwa njia hiyohiyo. Tumeishi hivyo na hatujafa.

Neno la Magid lilikuwa fupi. Alimpeleka mtoto asomee uinjinia wa umeme. Mwaka wa kwanza umekwisha, chuo kimewapa fomu ya kuchagua njia, na mtoto amechagua kitu kinachoitwa mawasiliano ya kiufundi. Fomu inataka sahihi ya mzazi.

"Wewe ndio senga yake, Halimah," aliniambia. "Muulize hiyo kazi ni ya nini. Kama hawezi kusema, arudi kwa umeme. Mimi siweki sahihi kwa kitu sijui."

Nilimuuliza akiwa anamenya ndizi jikoni. Alianza na watu na mashine, akaruka kwenye lugha na usalama, akaingia kwenye kompyuta, akatoka bila kufika popote. Mimi nina ulimi, sikatai. Nilimwambia mganga hajigangi: mtu anasomea kueleza vitu, na masomo yake mwenyewe yanamshinda kueleza. Alicheka. Kisha nikaona machozi yanadondoka kwenye maganda, nikajuta.

Akasema bila radhi ya baba yake hatapeleka ile fomu. Zilikuwa zimebaki siku kumi. "Nitarudi kwa umeme, senga," akasema. "Na nitafaulu. Lakini nitakuwa nimekaa kwa kiti cha mtu mwingine."

Maneno yale yalinikalia vibaya. Nilikumbuka alipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilipoletewa jiko la gesi nikaliogopa wiki nzima. Alisoma kile kitabu cha jiko, akatupa nusu ya maneno, akachukua mkaa akaniandikia mistari minne ukutani. Rangi imepakwa juu yake mara mbili, lakini mistari ile naijua kwa moyo hadi leo. Basi asubuhi nikamwambia, kama huwezi kuisema hiyo kazi, nipeleke nikaione.

Akanipeleka kwa Wasike, Mkenya wa upande wa Bungoma mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kwenye barabara ya Tororo. Wasike hutengeneza mashine za kusaga na kuziuza pande zote mbili za mpaka. Shida yake ilikuwa moja: mota zinarudi zimeungua, na kila mteja anaapa kwamba mashine ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Kitabu cha kiwandani kimo ndani ya boksi la mota, lakini watu hukitumia kufungia karanga. Akaomba chuo kimpe mtu wa kuandika karatasi moja ya Kiswahili ambayo mtu ataisoma kweli. Wakampa Twaibah.

Karatasi ya kwanza aliiandika mezani, ikapendeza. Akampelekea Nabifo, mama anayesagia watu unga huko chini ya mlima. Nabifo alisoma mistari mitatu akauliza kama imeandikwa na afande. Zima, fungua, simama: ilikuwa kama anasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Na ni kweli, hapa nchini kwetu wengi wa rika lake tulikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Twaibah hakununa. Aliandika upya, na kila amri akaipa sababu yake: fungua polepole kwa kuwa unga bado ni wa moto, na kadhalika.

Nilimwona akiijaribu ile ya pili kwa kijana wa Wasike. Humpa mtu karatasi, yeye huketi kwenye kigoda, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Haelekezi, hakohoi. Mtu akikosea, kosa ni la karatasi, naye huliandika kwenye daftari. Mimi siwezi kumwona mtu akitia chumvi kwenye mchuzi bila kusema neno. Kazi ile ningefukuzwa saa ya kwanza.

Lakini kilichounguza mota kilikuwa bado hakijulikani. Kila aliyeulizwa alisema anafuata yote. Hapo nikatoa shauri langu, nikimwambia Twaibah apeleke karatasi kwa baba yake, aifuate mbele yetu, maana mzee amesaga miaka thelathini na kama ina tundu atalikuta. Uso ulimsawijika kwa hofu. Nikampigia Magid, nikamwambia ukweli kwamba kazi hii hata mimi sijaweza kuisema, basi aione. Magid hawezi kuninyima kitu nikimwomba kwa sauti ya marehemu mama yetu, na sauti hiyo ninayo.

Jumamosi tukawa Nalufenya. Wateja walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, na Magid ana unga hadi kwenye nyusi. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma kwa sauti, polepole, kwa dharau kidogo ya mtu anayefundishwa kutembea. Twaibah akaketi kwenye kigoda. Hatua ya kwanza hadi ya tano zilikwenda vizuri, nikaona bega la mtoto linashuka.

Kabla hajafika ya sita, umeme ukakatika. Sisi watu wa Jinja maji yanayozalisha umeme wa nchi nzima yanapita mlangoni kwetu, na bado tunakatiwa kama wengine. Mashine ikanyamaza ikiwa na mahindi tele tumboni. Magid akasoma: unga ukikwama, zima mashine, kisha fungua kifuniko. Akasema hiyo imeshajizima yenyewe, hana la kuzima. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono kuchota mahindi yaliyokwama.

Swichi ilibaki juu, mahali pa kuwasha. Kwa Magid swichi hubaki juu siku zote umeme unapokatika, na wafanyakazi wote aliwafundisha hivyo. Hata ukienda kuswali au kunywa chai, umeme ukirudi mashine yenyewe itakuita kwa mngurumo wake. Nimeiona desturi ile miaka mingi, na haikuwahi kunitia wasiwasi hata siku moja.

Nilimtazama Twaibah. Mikono iliondoka mapajani, ikarudi. Kazi yake inamwambia asiseme. Nyumbani tumemfundisha asimkosoe baba yake, tena mbele ya watu. Kisha akainuka, akapita kando ya ukuta, akashusha swichi.

"Baba, toa mkono kwanza," akasema kwa sauti ya chini.

Magid aliutoa, lakini ili amnyooshee kidole. Akamuuliza nani amempa ruhusa ya kugusa mashine yake. Twaibah akapiga magoti kwenye ule unga wa sakafuni, macho chini. Wateja wakapata kazi ya kutazama viatu vyao.

Twaibah alikuwa bado magotini. Taa iliyo juu ya mlango ikawaka. Redio ya saluni ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo. Mashine haikusema kitu.

Magid aliitazama taa, akaitazama swichi, kisha akautazama mkono wake, mweupe kwa unga, akaugeuza upande wa pili. Mimi nikakaa juu ya gunia la mtu bila kuomba.

Hakumwambia Twaibah asante. Kaka yangu hana neno hilo kwa watoto wake. Alimwinua, akakaa yeye kwenye kigoda, akaokota karatasi.

"Mwanangu, hii ya umeme kukatika haiko hapa," akasema.

"Nilikosea, baba. Niliandika zima mashine. Sikujua kwamba umeme ukikatika, kwako imeshazimika."

Magid akaomba kalamu. Nilidhani ni ya fomu, kumbe ni ya karatasi. Wakainama wawili juu ya gunia, na mzee akaanza kueleza mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyaeleza: mota zilizomuungulia, zote siku umeme uliporudi ghafla, na kila mara akaenda kumtukana aliyemuuzia. Twaibah hakumkatiza. Hatua mpya waliiandika hivi: "Umeme ukikatika, shusha swichi kabla ya jambo lolote, hata kama mashine imenyamaza. Ikiamka na mahindi tumboni itaunguza mota, na kama mkono wako umo ndani, haitauliza. Umeme ukirudi, taa itakuambia."

Tulipompelekea Nabifo karatasi ile, alisoma hadi hapo, akaenda kutazama swichi yake. Ilikuwa juu.

Fomu Magid aliitia sahihi Jumapili baada ya chakula, bila hotuba, akaifuta unga kwa kiganja. Twaibah sasa yuko mwaka wa pili, na ukimuuliza anasomea nini bado atakuzungusha. Mimi nimeacha kumcheka, au niseme nimepunguza.

Wiki iliyopita nilikuwa Nalufenya. Hajati Shadiah, mteja wa siku nyingi, akamuuliza Magid habari za yule binti wake wa Mbale, kama amekuwa injinia. Magid alikuwa anamimina mahindi. Alishusha swichi kwanza, na mashine ikatulia.

"Hapana," akasema. "Yeye anasomea kukaa kimya akuangalie, mpaka aone pahali utaumia. Halafu anaandika hapo."

Hajati akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Magid akapandisha swichi kwa mkono uleule wa siku ile, akaendelea kusaga.