Vilemba Kumi na Viwili

Nina roho mbaya. Nasema mapema ili asinihurumie mtu huko mbele. Nilizaliwa Koboko, mtoto wa askari, na nyumbani kwetu upole ulichukuliwa kama ugonjwa. Nilipokuja Arua kujifunza kushona, mama aliyenipokea alikuwa na ugonjwa huo.

Alikuwa mjane, fundi wa nguo za wanawake, na baraza lake lilikuwa upande wa Ediofe, njiani kabisa wanakopita watu wakienda kanisani. Cherehani yake ilikaa mbele. Yangu ilikuwa nyuma, karibu na choo, na kwa miaka mitatu nilitazama mgongo wake tu. Alinilisha, alinilaza kwake, hakuniinulia mkono hata siku moja. Nami nililitamani baraza lile mpaka nikawa namchukia kwa kuwa hai na kulikalia.

Sasa nieleze habari ya mabaki. Mteja huleta kitenge yadi sita, anataka gauni na kilemba chake. Fundi hupima, huguna, halafu husema, "Kitambaa haitoshi ya kilemba." Mteja huondoka na gauni peke yake. Kinachobaki huingia guniani, na baadaye hushonwa vigauni vya watoto vya kuuza sokoni. Mafundi wote niliowajua walifanya hivyo. Mwalimu wangu alikuwa amelisema neno lile mara nyingi hata hakujisikia tena akilisema.

Mwaka ule redio ilishikilia kuwaambia wenye biashara ndogo wawashukuru wateja wao sikukuu zikikaribia. Jirani mmoja alichapisha kalenda, mwingine akagawa vikombe. Mwalimu wangu hakuwa na uwezo huo. Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya Krismasi, nilimkuta amemwaga gunia lote sakafuni, anachambua vitambaa, uso umechangamka.

"Mtoto yangu, angalia," alisema. "Wateja yangu kumi na mbili, kila mutu nampa kilemba. Ya kitambaa yake mwenyewe. Siku ya Krismasi nguo na kichwa inafanana."

Nilielewa papo hapo. Wanawake wale wote waliambiwa kitambaa hakitoshi, na sasa wangekabidhiwa ushahidi, umepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Ilihitajika sentensi moja tu kutoka kwangu. Ilinifika mpaka kwenye meno, nikaimeza.

"Iko muzuri sana, mama," nikasema. "Watafurahi."

Pasi nilipiga mimi mwenyewe.

Wa kwanza kupewa alikuwa muuguzi mmoja mrefu, mwenye mdomo wake, aliyekuja kuchukua nguo za Krismasi za watoto. Barazani walikuwapo wanawake wengine watano wakisubiri zao. Alikikunjua kilemba, akakiweka kifuani juu ya gauni alilokuwa amevaa. Kitambaa kilikuwa kile kile.

"Mama, hii si kitenge yangu ya Pasaka?"

"Ndiyo, binti yangu. Zawadi ya Krismasi."

"Ile uliniambia haitoshi?"

Mwalimu wangu bado hakuelewa, masikini. Aliendelea kutabasamu huku ameshika kilemba cha pili, akimtafuta mwenye kitambaa hicho. Muuguzi akageukia wenzake.

"Munasikia? Mwezi wa nne ananiibia, mwezi wa kumi na mbili ananishukuru!"

Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Kila mmoja akataka chake, akakilinganisha, akacheka upya. Ndipo nilipoona lile tabasamu likimtoka mwalimu wangu, polepole. Muuguzi akaniuliza mimi, "Na wewe, mtoto ya Koboko, ulikuwa unajua?"

Mwalimu wangu alinigeukia. Nilijua anachongoja: niseme kwamba mafundi wote hufanya hivyo, kwamba hata mimi nimefundishwa hivyo.

"Mimi iko mwanafunzi tu," nikajibu. "Gunia ingine iko chini ya kitanda yake."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari ya gunia.

Siku ile ile walichukua vitambaa vyao vilivyokuwa havijashonwa, na wateja wale wengine wakaja kufuata vyao na vilemba vyao. Siku ya Krismasi wote kumi na wawili walivaa vilemba vile kanisani, na kila aliyempita mwalimu wangu alijigusa kichwa na kusema kwa sauti, "Asante ya kilemba, mama!" Alimjibu kila mmoja, "Karibu." Nilikaa benchi la nyuma yake, nikacheka pamoja nao. Kabla ya Pasaka alirudi kwao Logiri kulima mihogo, na baraza likawa langu.

Sasa nina duka Koboko pia. Kila Krismasi nawapa wateja wangu sabuni na sukari. Desemba iliyopita nilipita Logiri nikampelekea mwalimu wangu naye fungu lake, sijui kwa nini. Labda nilitaka anitukane. Alikuwa anamenya mihogo, amezeeka, na alinikaribisha kwa furaha ya kweli. Akaishika sabuni.

"Hii ndiyo unapea wateja?"

"Ndiyo, mama."

"Umefanya vizuri. Sabuni hakuna mutu anaweza kujua ilikuwa ya nani."

Akamenya mihogo miwili mitatu. Kisha akauliza, bila hasira, "Ile siku nilikuonyesha vilemba, ulikuwa unajua?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa uongo, lakini siku ile ulikosa.

"Nilikuwa najua, mama."

Kisu kilisimama.

"Miaka yote mimi nasema kwa watu yote hapa," alisema, "ule mtoto yangu alisahau tu. Sawa na mimi."

Akainuka, akarudisha sabuni na sukari ndani ya mfuko wangu, akaufunga fundo.

"Chukua," akasema. "Pea mteja."