Saa ya Muziki Shuleni Mantapala

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, nilikuwa nimefundisha muziki miaka mingi upande wa pili wa ziwa, Kongo, na sikubeba kitu kingine cha kuonyesha kwamba niliwahi kuwa mtu. Shule ya kambi ilinipokea kama mwalimu wa kujitolea. Nilipewa darasa la sita, Ijumaa, baada ya mapumziko.

Watoto walikuwa wa kwetu, wakimbizi, pamoja na wa Zambia kutoka vijiji vya jirani. Walisoma kwa Kiingereza, walicheza kwa Kibemba, na walipogombana wetu walirudi kwenye Kiswahili. Kinanda hatukuwa nacho. Niliwafundisha do-re-mi kwa kupandisha na kushusha kiganja, nao wakapiga mapigo juu ya madumu matupu ya mafuta.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa na kigugumizi kikali. Walimu wenzangu walikuwa wameacha kumuuliza maswali. Walisema vita ilimharibu. Mama yake mdogo, aliyekuwa akimlea, alicheka nilipomwambia hayo.

"Vita haikumufanya kitu, mwalimu," alisema. "Huyu alizaliwa hivi. Baba yake pia alikuwa hivi, na bado alipata bibi, akaoa."

Ijumaa ya kwanza msichana huyo aliimba wimbo mzima bila kukwama hata mahali pamoja. Wenzake waligeuka kumtazama. Mimi nilijifanya sikuona kitu, kwa sababu niliogopa kumshtua.

Tukaanza kubaki baada ya masomo, mimi naye, nyuma ya darasa. Nilimwonyesha kupiga vidole viwili pajani, polepole, na kutia kila neno juu ya pigo lake. Mwanzoni alisoma kama mtu anayetwanga mihogo. Baadaye yale mapigo yakalainika, mpaka usingejua yapo kama hukumtazama mkono. Alianza kujibu darasani. Siku moja kisimani alibishana na mvulana aliyempita kwenye foleni, na mvulana ndiye aliyeishiwa maneno kwanza. Alinihadithia mwenyewe, kisha akaomba nimfundishe kuongoza sauti ya pili.

Kisha matokeo ya mtihani wa darasa la saba yakatoka vibaya, na mwalimu mkuu akaifuta saa yangu. Nilikwenda ofisini kwake.

"Muziki hauulizwi kwenye mtihani, mama," alisema.

"Kusoma kunaulizwa. Yupo mtoto anayesoma kwa sababu ya muziki."

"Mmoja. Nina watoto wengi wanaoanguka hesabu. Aende akaimbe kanisani."

Hakuwa mtu mbaya. Wazazi walikuwa wamemkalia shingoni, na wakubwa wake kule wilayani Nchelenge pia. Ijumaa yangu ikawa ya hesabu, na madumu yakarudi kwa wenyewe kuchotea maji.

Muhula huo huo wakaja wageni kutoka idara ya elimu. Mwalimu wa Kiingereza alimchagua msichana wangu asome mbele yao, kwa kuwa sasa alikuwa miongoni mwa wasomaji wazuri. Alimpenda, nadhani. Alimtafutia hata shati safi. Ila alimwambia asimame wima, mikono nyuma, mwenzake amshikie kitabu, maana wageni hawapendi mtoto anayechezacheza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno la kwanza lilimkwama. Akalianza tena, likakwama tena, na shingo yake ikajaa mishipa. Niligonga fremu ya mlango kwa vidole, pigo kwa pigo. Alinisikia, aligeuza macho kwangu, lakini mikono aliibana palepale nyuma kama alivyoagizwa. Mtoto mmoja akacheka, kisha darasa lote. Mgeni mmoja alitazama viatu vyake. Msichana akarudi kukaa bila kuambiwa.

Jumatatu hakuja. Nilikwenda nyumbani kwao.

"Amekataa," mama mdogo aliniambia. "Nimemupiga, nimemubembeleza. Anatikisa tu kichwa."

"Naomba niongee naye."

"Ongea, mama. Lakini hatakujibu."

Nilikaa naye mpaka jua likapungua. Nilipiga mapigo kwenye goti langu, nikaanza wimbo niliomfundisha kuuongoza. Aliinuka taratibu akaingia ndani ya nyumba.

Baadaye yeye na mama yake mdogo walihamia Mununga, kando ya ziwa, kufuata biashara ya samaki. Kiangazi kilichopita nilipita huko, nikawakuta kwenye vichanja vya kukaushia dagaa. Miaka imepita, amekuwa mwanamke. Alinipigia magoti na kunisalimu kwa mikono miwili, kwa heshima yote, mdomo umefungwa. Mteja alipomuuliza bei, yeye alimnyooshea kidole mama yake mdogo.

"Kanisani anaimba?" nilimuuliza mama huyo pembeni.

"Anakaa nyuma. Haimbi."

Mama mdogo alinifungia dagaa kwenye mfuko, akakataa malipo. Nilipanda lori la kurudi.

Ijumaa bado ni ya hesabu, na mimi ndiye ninayeifundisha. Matokeo hayakupanda. Mwalimu mkuu yule alihamishwa, akaja mwingine, na huyo sijakwenda kumwona. Walimu vijana huniuliza kwa nini siombi kipindi changu kirudi. Nawajibu kwamba sauti imezeeka. Ukweli ni kwamba siamini tena kuwa nitapewa, na hata nikipewa, naogopa kumfungua mtoto mwingine mdomo mahali ambapo hakuna atakayemlinda.