Mama Hafi Sura ya Kwanza

Wifi yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi: kiti cha plastiki kilichokatwa mikono ili na wanene waenee, kioo chenye ufa, na benchi ninalokalia mimi na mwanangu mapajani. Mtaani wanamwita Mama Katuni, ingawa hajazaa. Jina alilipata kwa kupenda katuni za Kijapani, zile wenyewe wanaziita anime, na hakulikataa.

"Nimeshaitwa mabaya zaidi ya hilo," husema.

Wengi hawajui kwamba yeye pia hutunga. Huwachukua watu wale wale wa kwenye katuni akawapeleka anakotaka yeye. Mikono yake inashinda kwenye nywele za watu na haiwezi kushika simu, kwa hiyo yeye husema, mimi naandika, simu mkono huu, mtoto mkono huu. Nimeishia shule ya msingi, lakini kuandika ninachosikia naweza. Sura ikikamilika inakwenda kwenye kundi lao la simu. Humo kila mtu ni mtunzi na kila mtu ni mkosoaji.

Katuni anayoipenda kuliko zote ni ya msichana mwenye upanga wa barafu. Mama wa huyo msichana anaungua ndani ya nyumba hata hujamzoea sura, ndipo binti anapata hasira ya kwenda vitani. Wifi alipofika hapo mara ya kwanza aliizima simu.

"Kila katuni mama anakufa mwanzoni," alisema. "Kwani mtoto hawezi kuwa shujaa na mama yake yupo?"

Ndipo akaanza hadithi yake. Mama anatoka kwenye moto, nguo inafuka moshi, anajifunga kiuno na kumfuata binti yake vitani.

Siku moja alikuwa akitunga huku anamsuka mama mkwe wangu, yaani mama yake mzazi, ambaye ukimgusa kichwa tu analalamika. Wifi akawa anasema ya vita, anasema na mama yake, anarudi vitani. Mimi mtoto ananivuta sikio, nikaandika yote. Sura ikaenda hivyo. Mishale inashuka kama mvua, na yule mama anamwambia binti yake: "Inamisha kichwa. Usitikisike. Vumilia, namalizia hapa pembeni."

Kundi lilicheka mpaka simu ikawa inatetemeka yenyewe kwenye benchi. Lakini wapo walioandika kwamba hapo ndipo walipompenda yule mama. Nilipomsomea wifi alinitazama, nikajua nimeharibu.

"Liache," akasema. "Mama gani asingesema hivyo?"

Aliyechukia ni mkuu wa kundi, anayejiita Profesa. Uso wake hatujawahi kuuona, tunamjua kwa sauti, nzito, ya mtu anayependa kujisikia akiongea. Kabla ya hapo wifi alishawahi kumkosoa. Alimwambia shujaa wake anapigana tangu asubuhi mpaka jua linazama na hajaomba hata maji.

"Hii ni katuni, dada," Profesa akajibu.

"Hata wa kwenye katuni ana koo, kaka."

Sasa zamu ya Profesa kukosoa ilikuwa imefika. Alitangaza kwamba Jumapili hadithi ya wifi itajadiliwa kwa simu, na mama asipokufa kama alivyokufa kwenye katuni, hadithi itafutwa na mtunzi atatolewa. Nilimwona wifi anafumua msuko aliokwisha kuusuka vizuri. Wasomaji wake wote walikuwa kule. Hapa mtaani nani angekaa kusikiliza habari za upanga wa barafu?

Kundi lina utaratibu wake: mtunzi anayejadiliwa hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Jumapili tuliweka simu juu ya beseni lililopinduliwa, sauti wazi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Huyu mama ni mzigo," Profesa akaanza. "Shujaa lazima awe peke yake. Uchungu ndio unaompa nguvu. Mama afe, sura ya kwanza, tuendelee."

Wawili watatu wakaunga mkono. Halafu akaongea dada mmoja, polepole, kama anayeogopa kukosea. "Mimi sitaki afe. Ila hachoki. Ametoka kwenye moto, anatembea milima yote, hajakaa chini hata mara moja. Mama yangu angekuwa ameshaomba kiti."

Wifi mikono ikasimama. Hilo alilisikia.

"Nani huyo anataka mama afe?" mama mkwe akauliza, na hakuuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, nyamaza. Hairuhusiwi kuongea."

"Hairuhusiwi kwenu. Mimi sijajiunga."

"Nani huyo anaongea?" Profesa akauliza.

Mama mkwe aliinamia beseni. "Ni mama. Niko hai, kama ulikuwa unauliza."

Kule kwenye simu mtu alicheka, akajikohoza. Nilimfunika mwanangu mdomo, kumbe aliyekuwa kimya siku hiyo ni yeye peke yake.

Zamu ya wifi ikafika. Alijifuta mafuta mikononi kwanza.

"Nimewasikia," alisema. "La kuchoka nimelichukua, dada yangu, umenifundisha. Nilimfanya chuma kwa sababu niliogopa akikaa chini mtasema ni mzigo. Sasa mmesema tayari, basi atakaa. La kumuua silichukui."

"Basi hujui kupokea maoni," Profesa akasema.

"Nimepokea mawili. Moja naondoka nalo, moja nakuachia mwenyewe."

"Tutakutoa."

"Nitoe. Hata ukinitoa hafi."

Simu ilikatika. Nikaangalia: kundi halipo tena, na sura zote zimekwenda nalo. Nikamwonyesha. Aliangalia kidogo, akarudisha chanuo kwenye nywele.

"Wamekutoa?" mama mkwe akauliza.

"Wamenitoa, mama."

"Haya, malizia kichwa changu. Halafu huyo mama alifika wapi? Mliniacha mlimani."

Simu ikalia. Ujumbe wa namba nisiyoijua: ni yule dada, anaomba sura inayofuata atumiwe yeye mwenyewe. Nikamsomea wifi. Hakucheka, ila alininyooshea kidevu kuelekea simu, kama anavyofanya tukianza kazi.

"Andika, wifi. Mama akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. Binti akageuka, akamwona, akachomeka upanga chini."

"Halafu?"

"Halafu akamngoja. Mama, inamisha kichwa."

Nikaandika yote.